Maji nyuma ya kiti cha kushoto: kisa cha gari la Mikindani

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, milango mitano, usukani kulia, limeingia nchini kwa mtumba kama yalivyo magari mengi ya Mtwara. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu anayeishi Mikindani na mwenye shamba la mikorosho upande wa Newala. Shida yake ilikuwa nyepesi kuieleza: mvua ikinyesha, kapeti ya nyuma ya kiti cha abiria wa mbele inalowa chepechepe, vioo vinaingia ukungu asubuhi, na gari zima linanuka uvundo. Lilipofika kwangu lilikuwa limeshapakwa silikoni kuzunguka kioo cha mbele, tabaka juu ya tabaka, na bado lilikuwa linaingiza maji.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu huku kusini watu wengi wanatoa hela kuziba mahali pasipovuja. Maji ndani ya gari yana tabia moja ngumu: yanaonekana mbali na yalikoingilia. Ukianza na silikoni kabla ya kujua njia ya maji, unaongeza kazi na unaficha ushahidi.

Kioo cha mbele kilishukiwa kwa sababu inayoeleweka. Msimu wa korosho uliopita, kwenye barabara ya Masasi, jiwe lilirushwa na tairi la lori na kukipasua. Kikawekwa kingine. Mvua za kwanza zilipoanza, maji yakaonekana ndani. Kila aliyeulizwa akasema ni kioo. Fundi aliyekiweka aliitwa, akapaka silikoni; mvua iliyofuata maji yakarudi; akaitwa tena, akapaka tena; mwisho wakagombana, na Mwalimu akazuia sehemu ya malipo yake.

Hoja hiyo ina tundu. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni miezi mingi karibu mikavu. Kwa hiyo jambo lolote lililoharibika kati ya Juni na Oktoba linajitokeza siku ileile mvua zinapoanza, na yote yanaonekana kama yametokea pamoja. Kioo kiliwekwa kiangazi. Lakini kiangazi hichohicho majani yalidondoka, vumbi la Newala liliingia, na gari lilifungwa alamu. Mvua ya kwanza haikuweza kusema ni lipi kati ya hayo.

Kabla ya kushika spana nilimuuliza maswali, na jibu moja lilinipa nusu ya kazi.

"Shikamoo Mwalimu. Yakinyesha manyunyu tu, maji yanaingia?"

"Marahaba, baba. Manyunyu hayana shida. Ni zile mvua zenyewe, za kumwagika."

Hapo ndipo nilipoanza kukitilia shaka kisa cha kioo. Ufa kwenye gundi ya kioo hauchagui mvua. Manyunyu ya saa nzima yanaupata na kupenya tone kwa tone, pengine kuliko mvua ya ghafla. Gari linalovumilia manyunyu na kushindwa na mvua kubwa lina tatizo la namna nyingine: kuna mahali maji yanaruhusiwa kuingia na yanatakiwa kutoka, ila yanatoka polepole kuliko yanavyoingia. Yakizidi, yanafurika. Ni sawa na mfereji wa paa la bati uliojaa majani: mvua ndogo unaimudu, kubwa inamwagikia ukutani.

Nikauliza kama mvua ikikatika maji nayo yanakoma. Akasema hapana, na kwamba akikata kona asubuhi baada ya mvua ya usiku husikia kitu kinamwagika mbele ya miguu ya abiria. Hilo nalo likaenda upande uleule. Kuna dimbwi mahali fulani mbele, na gari likiinama dimbwi linahama.

Jibu la tatu lilihusu AC. Feni imeanza kulia kama ina mchanga ndani, na ikiwashwa hutanguliza harufu ya majani yaliyooza. Jibu la nne lilihusu mahali pa kuegesha. Gari hulala chini ya mwarobaini, upande wake wa kushoto ukielekea bondeni kidogo.

Kuondoa yasiyokuwemo

Maji ndani ya gari yana vyanzo visivyo vingi, na vingine vinaondolewa kwa dakika chache. Nilianza na mafuriko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa mikoa hii, na tangu hapo sipokei gari lenye unyevu bila kuangalia kama liliwahi kuzama. Gari lililoingiwa na mafuriko huacha mstari wa tope chini ya kapeti, tope kwenye reli za viti, na mchanga ndani ya mikanda ukiivuta yote hadi mwisho. Hili halikuwa na dalili hizo.

Kisha kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Kuna rejeta ndogo ndani ya dashibodi inayopitisha maji ya moto ya injini kwa ajili ya kupasha joto chumba. Huku pwani hakuna anayeitumia, lakini ipo na huweza kutoboka. Kulanti inateleza vidoleni, ina harufu tamu, na inaacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Usiionje, ni sumu. Maji ya gari hili hayakuteleza, na kulanti kwenye tangi lake ilikuwa pale pale kwenye alama.

AC ndiyo inayopoteza wengi, kwa hiyo niliikalia zaidi. Hewa ya Mtwara ina unyevu mwingi. AC ikifanya kazi, unyevu huo unageuka maji juu ya ivaporeta, kile kipande baridi cha AC kinachopoza hewa, na kutoka kwa mpira mdogo unaodondoshea chini ya gari. Katika magari yetu ya usukani kulia, ivaporeta iko kushoto, mbele ya miguu ya abiria. Mpira ule ukiziba, maji yanarudi ndani, tena upande uleule wa kushoto. Dalili zinafanana sana na hizi, ila maji ya AC hayasubiri mvua. Niliwasha AC gari likiwa limesimama, nikaangalia chini, matone yakatoka vizuri. Hata hivyo nikamwomba Mwalimu asiiwashe AC kabisa mpaka mvua ipite. Mvua ikanyesha, kapeti ikalowa. AC ikatoka kwenye orodha.

Kitu kilichozungumza wazi zaidi kilikuwa filta ya AC. Ipo nyuma ya droo ya dashibodi. Unabana kuta za droo kwa ndani, inaanguka mbele, filta unaiona. Niliivuta ikatoka nzito, imelowa upande mmoja, na juu yake yamenata majani madogo ya mwarobaini. Katika gari hili hewa inapita kwenye filta kwanza, kisha feni, kisha ivaporeta. Maji ya AC yako mbele ya safari. Hayawezi kupanda kurudi kwenye filta. Filta ikilowa, maji yametoka juu, kule hewa ya nje inakoingilia.

Na hewa ya nje inaingilia chini ya waipa. Ukiangalia pale kati ya boneti na kioo, kuna plastiki nyeusi yenye matundu madogo. Chini yake kuna mfereji wa bati unaokwenda upana wote wa gari. Mvua yote inayoteremka kwenye kioo inaingia humo, na mfereji unaitoa kwa tundu la kushoto na la kulia, maji yakashuka ndani ya madigadi na kutokea nyuma ya tairi za mbele. Ndani ya mfereji huo huo, upande wa abiria, ndipo lilipo tundu kubwa la kuingizia hewa ya feni. Lina ukingo ulioinuka ili maji yasiingie. Maji yakipanda kuupita ukingo, yanaanguka moja kwa moja kwenye filta na feni, kisha sakafuni.

Kwa nini basi kulilowa nyuma ya kiti na si mbele? Sakafu ya gari imekandamizwa kwa mikunjo, na sehemu ya miguu ya abiria wa nyuma iko chini kidogo. Juu ya bati kuna godoro la pamba nzito, juu yake kapeti. Maji yanashuka mbele, yanapita chini ya godoro bila kugusa kapeti, na yanakusanyika nyuma. Mtu anaona nyuma pamelowa, anashuku mlango wa nyuma.

Mpira wa maji

Filta ilinionyesha njia moja. Haikunihakikishia kwamba hakuna nyingine, na kwa hiyo jaribio la maji lilibaki lazima.

Jaribio hili lina adabu yake. Kwanza, usitumie mashine ya kuoshea magari. Msukumo wake unapenyeza maji hata kwenye mpira mzima, nawe utaziba kitu kisichovuja kwenye mvua. Mpira wa kawaida wa kumwagilia, maji yakimwagika bila kubanwa, unatosha. Pili, anza chini upande juu. Ukianza na paa, maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hujui lolote. Tatu, kila mahali pape dakika kadhaa kabla ya kuhama. Nne, lazima mtu awe ndani na tochi, kapeti ikiwa imeinuliwa na plastiki za pembeni zimefunguliwa. Tulisaga chaki tukanyunyiza kwenye bati kavu la pembeni na la chini ya dashibodi. Tone likipita linaacha mstari unaoonekana.

Kizingiti cha mlango: kikavu. Mlango wa mbele wa kushoto ulipewa muda mrefu zaidi, kwa sababu milango ina siri ambayo wengi hawaijui. Maji ya mvua yanaruhusiwa kuingia ndani ya mlango kupitia kando ya kioo, na yanatoka kwa vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasije chumbani ni nailoni iliyogandishwa nyuma ya plastiki ya mlango. Fundi wa spika au wa vioo vya umeme akiichana na kutoirudisha, maji yanamwagikia kizingitini kwa ndani. Mlango huu nailoni yake ilikuwa nzima. Mipira ya milango niliipima kwa noti: unafungia noti mlangoni, unaivuta, ikitoka bila ukinzani, mpira umechoka pale. Ilibana yote.

Kisha mpira wa maji ukahamia kwenye mfereji wa chini ya kioo. Mwanzo kimya. Halafu, bila onyo, maji yakaanza kumwagika kutoka kwenye boksi la feni, si kwa matone bali kwa mkondo. Nikafunga maji, yaliendelea kutoka muda mrefu. Dimbwi alilokuwa akilisikia Mwalimu kwenye kona lilikuwa hilo.

Tukatoa mikono ya waipa na plastiki nyeusi. Upande wa kushoto mfereji ulikuwa umejaa udongo mweusi wenye mizizi. Mikindani kuna mikungu mingi, na jani la mkungu ni kubwa, linabaki juu ya plastiki na upepo unaliondoa. Jani la mwarobaini ni jembamba na dogo, linapita kwenye vitundu bila shida. Hayo yalidondoka mwaka mzima, yakachanganyika na vumbi jekundu la barabara ya Newala, umande ukayakandia, na kiangazi kikayakausha yakawa kizibo. Katikati ya kizibo, mdomoni kabisa mwa tundu la kutolea maji, kulikuwa na bonge la silikoni. Lilidondoka kutoka kwenye kioo wakati wa kupaka. Dawa iliyopakwa ili kuzuia maji ndiyo iliyomalizia kuyanyima njia ya kutoka.

Na silikoni ile, ya aina inayonuka siki ikiwa mbichi, haifai kwenye bati la gari hata ingekuwa imepakwa mahali sahihi. Ile harufu ni tindikali, na bati tupu likiguswa nayo linashika kutu. Kioo cha gari kinagandishwa kwa gundi ya yurethani.

Udongo tuliutoa kwa mkono na kijiko, si kwa kuusukuma ndani, kwa sababu ukiusukuma unaujaza kwenye mkunjo usiofikika. Tundu lenyewe tulilizibua kwa waya laini wenye kitambaa, tukalimalizia kwa upepo mdogo wa kompresa kutokea chini. Tukamwaga maji. Yalitoka nyuma ya tairi zote mbili papo hapo.

Mfereji ukiwa safi ndipo kioo kinaweza kupimwa kwa haki. Tulipandisha vioo vyote vya milango, tukawasha feni kwa nguvu zote ikivuta hewa ya nje, tukapaka maji ya sabuni kuzunguka kioo cha mbele. Penye ufa hewa ingetoka na kutoa mapovu. Hapakuwa na povu hata moja. Tukakimwagia maji pia, ndani pakavu. Fundi wa vioo alikuwa amefanya kazi safi tangu siku ya kwanza. Nilimwambia Mwalimu hivyo mbele ya vijana wangu, naye hakusita. Jioni ile alimtumia fedha aliyokuwa ameizuia na kumpigia simu mwenyewe.

Mvujo wa pili

Wengi wangerudisha plastiki na kukabidhi gari. Niliacha maji yaendelee kumwagika kwenye mfereji, muda sawa na wa mvua ya kweli, huku kijana akiwa bado ndani.

"Mjomba, feni kavu. Lakini huku pembeni, juu ya mguu wa kushoto, kuna uzi wa maji unashuka kwenye waya."

Chaki ilikuwa imeandika mstari mwembamba kutoka juu ya plastiki ya pembeni hadi sakafuni. Tukaufuata. Pale kifurushi kikubwa cha waya kinapopenya ukuta wa bati kutoka kwenye madigadi kuja chumbani, kuna mpira mnene unaoziba tundu. Aliyefunga alamu kiangazi kile aliuchana kwa kisu akapitisha waya zake mbili. Tundu la kutolea maji ya mfereji linamwagia karibu kabisa na mpira huo. Wakati tundu limeziba, mpira uliochanwa haukuwa unapata maji. Tulipolizibua, maji yakapita njia yake halali na kuukuta ufa. Ndiyo maana jaribio linarudiwa lote baada ya kila matengenezo: kuzibua kwetu kulifungua mvujo ambao mvua zote za mwanzo hazikuwahi kuuonyesha.

Hapa kuna ufundi mdogo ambao ningependa kila afungaye alamu na redio ajue. Maji yanafuata waya. Waya ukiingia tundu ukitokea juu, unayaongoza ndani hata ufa ukiwa mdogo kama unywele. Waya unatakiwa ushuke chini ya tundu kwanza, kisha upinde na kupanda kuingia. Maji yanadondoka kwenye lile pindo la chini na hayapandi. Tulifungua plastiki ya ndani ya madigadi, tukazichomoa waya za alamu na kuzipitisha upya kwa pindo, zikiwa na mpira wao mdogo kwenye tundu lao. Bati la tundu hilo jipya tulilipaka rangi kwanza. Mpira mkubwa tuliuunga kwa yurethani na kuuzungushia gundi nyeusi laini isiyokauka. Kazi hii inafanywa kwa nje, upande maji yanakotoka. Ukiziba kwa ndani tu, maji yanabaki yamesimama kwenye bati, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haichelewi.

Tukarudia jaribio lote, chini hadi juu. Chaki ikabaki nyeupe kila mahali.

Kukausha sitakueleza kwa kirefu. Viti vilitoka, na kabla ya hapo temino hasi ya betri ilifunguliwa na gari likaachwa kwa muda, kwa kuwa soketi za njano zilizo chini ya viti ni za eabegi, mifuko ya hewa inayofutuka ajali ikitokea, na hazichezewi zikiwa na umeme. Kapeti ilitoka nzima pamoja na godoro lake. Juu kapeti ilikuwa kavu. Godoro chini lilikamuliwa likatoa maji kama nguo ya kufua. Ndiyo sababu kuanika kapeti ikiwa bado garini hakusaidii: jua linakausha juu, chini uvundo unaendelea. Sakafu ilisuguliwa, penye kutu pakapakwa rangi ya kuzuia kutu. Soketi za chini ya kiti zilikuwa zimeanza ukijani, zikasafishwa. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ambayo kwenye gari hili iko nyuma ya droo, ilikuwa imefungwa juu kiasi na haikuguswa. Ingekuwa chini kidogo tu, Mwalimu angekuwa anazungumzia gari lisilowaka. Feni ilisafishwa ikapungua kelele, lakini beringi zake zimeshakunywa maji. Nilimweleza wazi kwamba haitadumu, akaamua ibadilishwe wakati huohuo kwa kuwa dashibodi ilikuwa wazi.

Kapeti sikuirudisha. Mwalimu aliendesha gari likiwa na sakafu tupu na magazeti yametandazwa upande wa kushoto, mpaka mvua kubwa zilipopita usiku kucha na magazeti yakabaki makavu yote, ya mbele na ya nyuma. Hapo ndipo tulipofunga.

Mwarobaini hataki kuukata, wala kuegesha juani, maana jua la Mikindani linapasua dashibodi. Tukakubaliana hivi: majani anayaokota juu ya plastiki kila anapolifuta gari, na mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, anamwaga jagi la maji upande wa kushoto na jagi jingine kulia. Maji yatoke nyuma ya tairi mara moja. Yakichelewa, plastiki inafunguliwa kabla ya mvua ya kwanza.